Uteuzi wa Mashine ya Ruta na Fayawoli ya Programu: Hali ya Lusewa na Maeneo Yanayofanana Nayo

1.0 UTANGULIZI

Kila taasisi inayounganisha kompyuta zake na intaneti huhitaji chombo kinachokaa mlangoni. Chombo hicho hupokea taarifa zinazotoka nje, huzielekeza kwenye kompyuta zinazostahiki kuzipokea, na huzuia zile zisizotakiwa. Kazi ya kuelekeza ni kazi ya ruta, na kazi ya kuzuia ni kazi ya fayawoli. Kazi hizi mbili zaweza kufanywa na kisanduku maalumu kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili hiyo tu. Vilevile zaweza kufanywa na kompyuta ya kawaida iliyowekewa programu zinazofaa. Njia hii ya pili ndiyo inayojadiliwa hapa, kwa kuwa programu zake nyingi hutolewa bila malipo na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mnunuzi hubakiwa na swali moja tu, nalo ni zito: programu hizo ziwekwe katika mashine gani?

Makala hii inachunguza swali hilo kwa kuiangalia hali ya Lusewa, kata iliyomo katika wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka wilaya ya Songea mwaka 2002. Lusewa imechukuliwa kuwa kielelezo cha mahali palipo mbali na miji mikubwa, ambapo fundi, kipuri na umeme wa uhakika si vitu vya kupatikana kwa siku moja. Mji wa Songea wenyewe ulitegemea mitambo ya dizeli hadi mwaka 2018, ulipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kwa upande wa mawasiliano, nchi nzima ilitegemea zaidi setilaiti hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa uliwezesha mawasiliano hayo kufika bara. Kadiri njia inavyosogea karibu na kata, ndivyo swali la chombo cha mlangoni linavyozidi kuwa la lazima.

Hoja kuu ya makala hii ni kwamba uteuzi wa mashine huharibika kwa sababu ya neno moja, yaani nguvu. Muuzaji husema mashine ina nguvu, mnunuzi huridhika, na kila mmoja huwa amekusudia jambo lake. Hapana budi neno hilo ligawanywe katika maswali matatu yanayopimika: mashine ipitishe pakiti ngapi kwa sekunde, ile umeme wa wati ngapi, na programu zake ziendelee kutolewa kwa muda gani.

2.0 ISTILAHI

2.1 Ruta na fayawoli

Neno ruta limetoholewa, na limekubalika katika matumizi ya mafundi. Wapo wanaosema kipanganjia, lakini istilahi hiyo inaweza kupotosha, kwa sababu kupanga njia ni kazi moja na kuifuata njia iliyokwisha pangwa ni nyingine. Mara nyingi ruta ndogo ya shule haipangi kitu. Husoma anwani iliyoandikwa juu ya pakiti, huitazama jedwali yake, kisha huitoa pakiti kwa mlango uliotajwa humo.

Suala la fayawoli ni gumu zaidi. Asili ya neno hilo ni katika ujenzi, ambako lilimaanisha ukuta unaozuia moto usivuke kutoka sehemu moja ya jengo kwenda nyingine. Tafsiri ya ukuta wa moto, ambayo husikika mara kwa mara, inapingana na maana hiyo. Ukuta wa matofali ni ukuta uliojengwa kwa matofali. Kwa kanuni hiyohiyo, msikilizaji wa Kiswahili atauelewa ukuta wa moto kuwa ukuta uliofanyizwa kwa miali. Kingamoto, kwa muundo wa kitenzi na jina kama ule wa pimamaji, lingefaa zaidi kimaana. Hata hivyo, kwa kuwa mafundi wengi wameshazoea fayawoli, ndilo linalotumika katika makala hii.

Inafaa pia kuondoa dhana kwamba fayawoli ya programu ni kinyume cha fayawoli isiyo na programu. Fayawoli zote huongozwa na programu. Tofauti iko katika njia inayopitiwa na pakiti. Katika baadhi ya visanduku maalumu pakiti nyingi huelekezwa na saketi zilizochongwa kwa kazi hiyo, na prosesa kuu huziona chache tu. Katika fayawoli ya programu kila pakiti hupita mikononi mwa prosesa ya kawaida. Kwa hiyo uwezo wa prosesa, memori na kadi za mtandao ndio uwezo wa fayawoli yenyewe.

2.2 Nguvu

Katika Kiswahili cha kila siku, ng'ombe ana nguvu, dawa ina nguvu, na umeme una nguvu. Upana huu ni hazina katika fasihi, lakini katika ununuzi wa mashine ni mtego. Kompyuta inayosemwa kuwa na nguvu yaweza kuwa ile inayofanya mahesabu haraka, ile inayokula umeme mwingi, au ile isiyoharibika upesi. Sifa hizi tatu haziendi pamoja. Kompyuta ya mezani iliyotengenezwa miaka ishirini iliyopita hula umeme mara nyingi zaidi ya bodi ndogo ya leo, na huenda ikapitwa nayo kwa wepesi wa kazi. Katika sehemu zinazofuata, wepesi unatumika kwa kasi ya prosesa, ulaji kwa matumizi ya umeme, na uhimilivu kwa uwezo wa kuvumilia mazingira na muda.

3.0 PAKITI NGAPI KWA SEKUNDE

Njia ya mawasiliano huuzwa kwa kipimo cha megabiti kwa sekunde. Lakini ruta haifanyi kazi kwa kila biti. Hufanya kazi kwa kila pakiti. Iwe kubwa au ndogo, pakiti husomwa anwani mara moja, hulinganishwa na kanuni za fayawoli mara moja, na hutolewa mara moja. Kwa sababu hiyo pakiti ndogo elfu moja huichosha ruta karibu sawa na pakiti kubwa elfu moja, ingawa mzigo zinaoubeba haulingani hata kidogo.

Tofauti hii inaweza kukadiriwa. Fremu ndogo kabisa ya Etheneti ina baiti 64, na ile kubwa ya kawaida ina baiti 1,518. Katika njia ya gigabiti 1 kwa sekunde, ukijumlisha nafasi zinazotenganisha fremu, zinaweza kupita takribani fremu ndogo 1,488,000 kwa sekunde, au fremu kubwa 81,000 tu. Mashine inayoweza kujaza njia hiyo kwa fremu kubwa huenda ikashindwa kabisa kwa fremu ndogo. Ndiyo maana takwimu ya megabiti inayoandikwa juu ya kasha la chombo, bila kutaja ukubwa wa pakiti, haimfai mnunuzi.

Ichukuliwe sasa kwamba shule ya sekondari huko Lusewa imepata njia ya megabiti 20 kwa sekunde. Kwa pakiti kubwa, kama zile zinazobeba vitabu na picha, kiwango cha juu ni takribani pakiti 1,600 kwa sekunde. Kwa pakiti ndogo kabisa ni takribani 30,000. Mazungumzo ya sauti hutumia pakiti ndogo, kwa kawaida 50 kwa sekunde kila upande, hivyo mazungumzo kumi kwa wakati mmoja ni pakiti 1,000 tu. Hesabu hizi zinaonyesha jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: kwa njia ya kiwango hicho, karibu prosesa yoyote iliyotengenezwa katika miaka ya karibuni inatosha. Kununua wepesi zaidi ni kulipia kitu kisichoweza kutumika, kwa kuwa njia yenyewe ni nyembamba.

Hata hivyo ipo kazi moja ambayo njia nyembamba huihitaji kuliko njia pana, nayo ni utunzaji wa foleni. Mwanafunzi mmoja akipakua faili kubwa, pakiti zake hujazana mlangoni, na mwalimu anayezungumza kwa sauti husikia maneno yaliyokatikakatika. Utaratibu wa fq_codel, uliobuniwa mwaka 2012, na ule wa CAKE, ulioingizwa katika kerneli ya Linux toleo la 4.19 mwaka 2018, hugawa zamu ili kila mazungumzo yapate nafasi yake. Utaratibu huu hutumia prosesa, lakini kwa megabiti 20 mzigo wake ni mdogo. Katika shule yenye njia nyembamba, foleni iliyotunzwa vizuri huwafaidi watumiaji zaidi ya prosesa ya bei kubwa.

4.0 WATI NGAPI

Chombo cha mlangoni hakizimwi. Hukaa macho usiku na mchana, hata kompyuta zote za shule zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo ulaji wake huhesabiwa kwa saa 24, siku 365, na hapa ndipo kompyuta ya msaada inapogeuka kuwa ghali.

Shule nyingi zimewahi kupewa kompyuta za mezani zilizotumika, na wazo la kuigeuza mojawapo kuwa ruta huja lenyewe, kwa kuwa ni ya bure. Ichukuliwe kwamba kompyuta ya aina hiyo inakula wati 60, na bodi ndogo iliyotengenezwa kwa kazi za mtandao inakula wati 8. Kwa siku, ya kwanza hutumia wati-saa 1,440, na ya pili 192. Kwa mwaka tofauti hiyo ni takribani uniti 525 za umeme dhidi ya 70.

Pale umeme unapotegemea jua na betri, tofauti huwa kubwa zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ili idumu haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Kompyuta ya mezani huhitaji inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, na inveta hupoteza sehemu ya umeme huo. Ikiwa hasara ni asilimia 15, betri itaihimili kompyuta hiyo kwa saa 8 na nusu tu, muda usiofikia urefu wa usiku mmoja. Bodi ya wati 8 inayopokea volti 12 moja kwa moja itahimiliwa na betri hiyohiyo kwa saa 75, yaani siku tatu za mawingu. Kwa upande wa paneli, ikikadiriwa kwamba jua kamili hupatikana kwa saa 4 na nusu kwa siku na kwamba asilimia 30 hupotea njiani, kompyuta ya mezani itahitaji paneli za takribani wati 540, na bodi ndogo itahitaji wati 61. Hesabu hizi hazijaingiza modemu, antena wala swichi, ambavyo navyo vina ulaji wake.

Kwa hiyo bei ya mashine haipaswi kusomwa peke yake. Bei halisi ni mashine pamoja na betri, paneli na inveta ambazo mashine hiyo inazilazimisha. Kompyuta ya bure inayodai betri kadhaa, ambazo zitachakaa na kununuliwa tena baada ya miaka michache, si ya bure.

Jambo jingine ni aina ya umeme unaopokelewa. Betri ya volti 12 haikai kwenye volti 12; hushuka inapotumika na hupanda hadi zaidi ya 14 inapochajiwa. Bodi za ALIX za kampuni ya PC Engines ya Uswisi, zilizotumiwa sana katika mitandao midogo, ziliweza kupokea kuanzia volti 7 hadi 20, hivyo zilivumilia hali hiyo bila kifaa cha kati. Bodi inayodai volti 5 au 12 kamili huhitaji kirekebisha umeme, nacho ni kipuri kimoja zaidi kinachoweza kuharibika.

5.0 SEHEMU ZA MASHINE

5.1 Prosesa

Kwa kuelekeza na kuchuja pakiti peke yake, prosesa ndogo inatosha, kama ilivyoelezwa. Mahitaji hubadilika pale shule au ofisi inapotaka njia fiche ya kuiunganisha na ofisi ya wilaya, kwa kuwa kila baiti ya njia hiyo husimbwa na kusimbuliwa. Prosesa nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2010 zina amri maalumu za usimbaji wa AES, ambazo huharakisha kazi hiyo mara nyingi. Mashine isiyo na amri hizo inaweza kutumia WireGuard, iliyoingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2020, kwa sababu usimbaji wake ulibuniwa uwe mwepesi hata kwa prosesa za kawaida.

5.2 Memori na hifadhi

Fayawoli hukumbuka kila mazungumzo yanayopita ili iweze kuruhusu majibu na kuzuia wageni. Katika mifumo ya pf kila kumbukumbu hukadiriwa kuchukua takribani kilobaiti 1. Kompyuta 40, kila moja ikiwa na mazungumzo 100, huhitaji kumbukumbu 4,000, yaani megabaiti 4 tu. Memori kubwa huwa ya lazima pale zinapoongezwa kazi nyingine, kama vile kukagua yaliyomo ndani ya pakiti ili kugundua mashambulizi, au kuhifadhi kurasa zilizokwisha someka. Mnunuzi aamue kwanza kama kazi hizo zinahitajika kweli. Kazi iliyoongezwa kwa sababu programu inairuhusu tu ni mzigo kwa memori, kwa betri na kwa fundi.

Diski inayozunguka haifai. Hula umeme, huchukia vumbi na mtikisiko, na umeme ukikatika ghafla inapoandika, mfumo wa faili waweza kuharibika. Kadi au diski ya aina ya flash ni bora, ila nayo huchakaa kwa kuandikwa mno. Programu ya m0n0wall, iliyotolewa kuanzia mwaka 2003 hadi 2015, ilitatua tatizo hili kwa kujipakia yote katika memori na kuiandikia kadi pale tu mipangilio inapobadilishwa. Kanuni hiyo ingali na thamani: mashine iweze kuzimwa kwa kung'olewa waya mara mia na kuwaka tena bila kuhitaji mkono wa mtu.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni betri ndogo ya saa. Bodi isiyo nayo husahau tarehe kila umeme unapokatika. Vyeti vya usalama vya tovuti na vya njia fiche hukaguliwa kwa tarehe, hivyo mashine inayodhani iko miaka kadhaa nyuma huvikataa vyote, na shule nzima hudhani njia imekufa.

5.3 Kadi za mtandao

Ruta huhitaji angalau milango miwili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani. Bodi yenye mlango mmoja yaweza kutumika pamoja na swichi inayoelewa kanuni ya 802.1Q, ambayo hugawa waya mmoja katika mitandao kadhaa, lakini hilo humwongezea fundi jambo la kukosea. Kadi zinazochomekwa kwenye mlango wa USB hazifai kwa kazi ya kudumu. Bodi za Raspberry Pi kabla ya toleo la 4 la mwaka 2019 zilipitisha hata mlango wao wa Etheneti katika USB, na hivyo zilikuwa na kikomo cha chini.

Ubora wa kadi haupimwi kwa kasi iliyoandikwa juu yake peke yake. Unategemea pia programu kiendeshi iliyomo katika mfumo wa uendeshaji unaokusudiwa. Kadi za Intel zimejijengea sifa nzuri katika mifumo ya Linux na FreeBSD kwa kuwa viendeshi vyake vimetunzwa kwa muda mrefu. Kabla ya kununua, orodha ya vifaa vinavyotambuliwa na programu husika isomwe kwanza. Orodha ya muuzaji isomwe baadaye.

6.0 TAJRIBA YA BUNDA NA SERENGETI

Hoja zilizotolewa hadi hapa zimekwisha jaribiwa nchini Tanzania, japo si mkoani Ruvuma. Mradi wa ICT4RD uliendeshwa katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoa wa Mara, kwa ushirikiano wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, Uswidi. Mradi huo ulikusudia kuziunganisha shule, hospitali na ofisi za serikali za mitaa, na ulitumia nyuzi za mawasiliano za shirika la umeme TANESCO. Badala ya visanduku maalumu vya bei kubwa, watafiti waliegemea mashine za kawaida zenye ulaji mdogo, zikiendeshwa na Linux.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Amos Nungu, Björn Pehrson na Robert Olsson. Olsson alikuwa mmoja wa wabunifu watatu wa utaratibu wa NAPI katika kerneli ya Linux, pamoja na Jamal Hadi Salim na Alexey Kuznetsov. Kabla ya utaratibu huo, kila pakiti iliyowasili iliikatiza prosesa, kama mgeni anayebisha hodi wakati mwenyeji yumo kazini. Wageni wakiwa wengi, mwenyeji hushinda akiitikia hodi na asimhudumie hata mmoja. NAPI huruhusu hodi ya kwanza tu. Baada ya hapo prosesa huenda yenyewe mlangoni kuwachukua waliofika kwa mafungu. Kwa njia hiyo mashine ya kawaida iliyofurikwa na pakiti haizimii; huendelea kupitisha kiasi inachokiweza.

Si ajabu kwamba mtu aliyeshughulikia wepesi wa ruta za programu katika maabara za Ulaya alijikuta pia akishughulikia ulaji wa umeme. Watafiti hao waliandika mwaka 2011 kuhusu umeme wa mitandao katika nchi zinazoendelea, wakauchukulia kuwa sehemu ya usanifu wa mtandao wenyewe. Funzo linalopatikana hapo kwa Lusewa ni kwamba programu ilipokwisha kutatuliwa, tatizo lililobaki lilikuwa la umeme, utunzaji na watu wa kuutunza mtandao baada ya wafadhili kuondoka.

7.0 MUDA GANI

Mashine inaweza kuwa nzima na bado ikawa imekufa kwa maana ya usalama. Fayawoli isiyopata marekebisho mapya ni mlango wenye kitasa ambacho kila mwizi ana ufunguo wake. Uhai wa mashine, kwa hiyo, hukoma pale programu zinapoacha kuitambua. pfSense iliacha kuzitumikia prosesa za biti 32 kuanzia toleo la 2.4 la mwaka 2017, na hapo bodi nyingi za ALIX zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zikaachwa nyuma. OpenWrt, kuanzia toleo la 21.02 la mwaka 2021, ilitaka angalau megabaiti 8 za hifadhi na 64 za memori. Mnunuzi wa mashine iliyotumika hana budi kuuliza kwanza kama prosesa yake ni ya biti 64, kabla hata ya kuuliza bei.

Mazingira nayo hupunguza muda. Feni huvuta vumbi, na feni ikisimama prosesa huungua. Bodi isiyo na feni, iliyofungwa katika kasha la chuma linalotoa joto lenyewe, ina kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Kasha lenye matundu huwakaribisha sisimizi na mijusi. Radi hupita katika waya wa shaba kutoka antena hadi kadi ya mtandao, hivyo mlingoti na kasha vinahitaji waya wa ardhini, na kifaa cha kinga kiwekwe kabla ya mashine. Uzi wa kioo haupitishi umeme, na pale unapowezekana kati ya mlingoti na jengo ni kinga iliyo bora kuliko zote.

Mwisho, mashine moja si mashine. Ni busara kununua bodi mbili za bei nafuu zinazofanana kuliko moja ya bei kubwa. Ya pili huwekwa kabatini ikiwa na mipangilio ileile, ili ya kwanza ikiharibika mwalimu aweze kuhamisha waya mbili bila kusubiri fundi kutoka Songea.

8.0 UTARATIBU WA KUTEUA

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, uteuzi unaweza kufuata hatua hizi:

(a) Ipimwe njia iliyopo na ile inayotarajiwa kwa miaka mitano, kisha igeuzwe kuwa pakiti kwa sekunde.
(b) Ziorodheshwe kazi za lazima, na kila kazi ya ziada idaiwe sababu.
(c) Ukadiriwe ulaji wa siku nzima, na gharama ya betri na paneli ijumlishwe katika bei.
(d) Iteuliwe programu kwanza, kisha mashine inayotambuliwa na programu hiyo, yenye prosesa ya biti 64.
(e) Zichaguliwe bodi zisizo na feni, zenye milango miwili au zaidi, betri ya saa na hifadhi ya flash.
(f) Inunuliwe ya akiba, na ijaribiwe kwa kukata umeme mara kadhaa kabla ya kusafirishwa.

Mpangilio wa hatua hizi una maana. Anayeanza na mashine hujikuta akitafuta kazi ya kuipa, na anayeanza na kazi hugundua kwamba mashine inayomtosha ni ndogo kuliko alivyodhani.

9.0 HITIMISHO

Makala hii imeonyesha kwamba kwa mahali kama Lusewa kigezo cha kwanza cha kuteua mashine ya ruta na fayawoli si wepesi wa prosesa. Njia iliyopo huwekea wepesi kikomo, na zaidi ya kikomo hicho fedha hupotea. Kigezo kinachoamua kama mtandao utakuwepo asubuhi ni ulaji wa umeme, na kinachoamua kama utakuwepo baada ya miaka mitano ni uhimilivu wa mashine pamoja na uhai wa programu zake.

Imeonyeshwa pia kwamba sehemu ya tatizo ni ya lugha. Maombi ya ununuzi ya shule na halmashauri yakiendelea kudai kompyuta yenye nguvu, wauzaji wataendelea kuleta kile kilichoko ghalani mwao, na hakuna atakayeweza kuwalaumu, kwa kuwa neno limewaruhusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulithibitisha, kwa kutoa Jambo OpenOffice, kwamba programu ya ofisi yaweza kusema Kiswahili. Hatua inayohitajika sasa ni fomu za ununuzi na miongozo ya mafundi inayotenganisha wepesi, ulaji na uhimilivu, kila kimoja kikiwa na kipimo chake. Mjumbe wa bodi ya shule asiyejua jina la prosesa hata moja ataweza kuuliza wati ngapi, na kwa swali hilo moja ataiokoa shule yake na kompyuta ya bure isiyoweza kukesha.